Bibi Pili

Asubuhi ya jaribio la arobaini na moja, Bibi Pili alimwambia Sayi kwa sauti yangu mwenyewe, "Kula, mjukuu wangu mpendwa. Uji huu utakupa nguvu mwilini," na Sayi akamgeuzia kisogo.

Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa kioo, mikono mapajani, nikicheka peke yangu. Miaka sitini na mitatu nimeishi duniani, sijawahi kumwita mtu "mpendwa", hata marehemu mume wangu. Lakini sauti ilikuwa yangu kabisa. Waliichukua kwa miezi kumi na minne, kwa kinasa sauti kidogo walichokishona kwenye ukosi wa gauni langu. Mikono nayo ilikuwa yangu, pamoja na joto lake, na kile kidole gumba cha kushoto kilichopinda tangu nilipokipiga kwa jembe. Hata kitambaa cha kichwa walinivua wakamfunga yeye, ili anuke kama mimi.

Kijiko kilimfuata Sayi kulia, kikamfuata kushoto. Mashine haichoki. Mwisho mtoto alilala kifudifudi kwenye mkeka akafunga macho, na wenzake watano wakafanya vivyo hivyo. Walikuwa na miaka miwili miwili, na mbavu zao ungeweza kuzihesabu.

Daktari Nkingwa, msimamizi wa watoto, alishusha pumzi nyuma yangu. "Haya, Mama Kabula. Ingia wewe, wasije wakashinda njaa."

Akabonyeza kitufe, mlango ukafunguka. Spika ya kwenye kioo ikazimwa, kama kawaida nilipoingia mimi. Siku zote nilidhani wananiheshimu.

"Nani huyu kalala kifudifudi?" niliuliza. "Isije ikawa ndiye mume wangu! Mume gani mvivu hivi, hata mdomo kufungua hawezi? Ngwashi, njoo unioe wewe, huyu nimemchoka. Wewe una tumbo la maana. Lake yeye limekuwa la panzi."

Sayi akainua kichwa. "Mimi si panzi!"

"Panzi kabisa. Panzi hamalizi bakuli."

Akakaa, akaninyang'anya kijiko, akaanza kula huku amenikazia macho kwa hasira. Ngwashi naye hakutaka kupitwa. Ndivyo siku zilivyokwenda: watoto thelathini na wanne, sita sita kwa zamu, milo mitatu, katika chumba ambacho mlango wake hauna kitasa kwa ndani.

Niseme nilivyofika humo, maana mtu akisikia nimefungwa atadhani niliiba.

Kituo kilijengwa kwenye uwanda wa Meatu baada ya ziwa la chumvi kukauka na vumbi lake kuanza kuua mashamba. Walioanzisha walikuwa vijana watupu, waliochaguliwa kwa afya. Hakuna aliyeruhusiwa kuja na mama yake. Mitambo ya maji na hewa ilihitaji watu elfu mbili, nao walikuwa mia sita, ndipo wakatengeneza kijiti. Kijiti kinaingizwa chini ya ngozi ya mkono, na mwanamke anaendelea kuzaa mpaka miaka sabini kana kwamba ana ishirini na tano. Mimi nilikuja baadaye sana, pamoja na mume wangu Jidayi na binti yetu Kabula, kulima mtama unaooteshwa chini ya taa. Waliponipima walikuta moyo wangu una tundu, wakaninyima kijiti. Nilipofika hamsini na mbili hedhi ikakoma yenyewe. Kituo kizima mwanamke aliyekoma nilikuwa mimi tu, na wenzangu walinionea huruma wakiwa na matumbo yao mbele.

Kisha watoto wakaanza kunyauka. Wachanga hawakuwa na shida, walikuwa na ziwa la mama. Walionyauka ni wa mwaka na nusu hivi, walioachishwa kwa sababu mama amepata mimba nyingine. Mama ana kichanga, mama yake mama naye ana kichanga chake, basi mtoto anakabidhiwa yaya wa chuma. Chakula kilikuwepo, cha kutosha na cha kubaki. Hawakula. Mwaka mmoja tulizika kumi na tisa, na mtu wa takwimu akagundua kwamba katika safu ya mashariki, kwenye nyumba zinazopakana na yangu, hakufa hata mmoja. Watoto wa pale walizoea kuja kwangu kwa sababu mimi peke yangu nilikuwa na muda.

Baraza lilinishukuru kwa hotuba ndefu. Wiki iliyofuata wakanihamishia kwenye nyumba ya watoto, na kibali changu cha kutoka langoni kikafutwa. Ndipo wakaanza kumfundisha yaya mmoja wa chuma awe mimi, wakamwita Bibi Pili.

* * *

"Unajua sokwe jike huzaa mpaka anapokaribia kufa?" Daktari Nkingwa aliniuliza mchana ule ofisini kwake.

Nilijua. Alikwisha kunisimulia mara sita. Lakini alipenda kuisimulia, nami nilikuwa nimekuja kuomba ruhusa ya kwenda kwa binti yangu Kambi ya Mto, nikamwacha.

"Binadamu hayuko hivyo," akaendelea. "Mwanamke anakoma katikati ya maisha, na nguvu bado anazo. Wataalamu walijiuliza, faida yake nini? Mtoto wa sokwe akiachishwa anajitafutia mwenyewe. Wa kwetu hawezi. Mizizi ya kula iko chini, ardhi ni ngumu, na mama ana mwingine mgongoni. Sasa nani alichimba?"

"Bibi."

"Bibi! Mama, bila yeye tusingefika hapa. Mtoto aliyelishwa na bibi aliishi, mama yake akapata nafasi ya kuzaa tena, na ukoo ukaendelea. Waliotengeneza kijiti walidhani wanaongeza watu. Walichofanya ni kumwondoa aliyekuwa anawalisha."

"Nami nilimwona bibi yangu akichimba," nikamwambia. "Mwaka wa njaa, akiwa na mti uliochongwa ncha. Viazi mwitu. Kila aliyepewa kiazi alitukanwa kwanza. Lakini Daktari, bibi yangu jioni alirudi kwake akalala. Hakuna aliyemfungia mlango."

Akatazama meza. Nkingwa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Katika wale kumi na tisa, mmoja alikuwa mwanawe. Ningempata mtu mbaya ningemchukia nikatulia.

"Upepo wa chumvi unaanza siku ya tisa kuanzia leo," akasema. "Lango likifungwa halifunguliwi miezi saba, unajua. Bibi Pili akilisha watoto sita kwa siku tatu mfululizo kabla ya hapo, nakupeleka Kambi ya Mto mwenyewe, kwa gari la ofisi. Asipoweza, sikuachii. Sitawazika tena, Mama. Nisamehe."

Saa kumi jioni niliruhusiwa kuongea na Kabula kwa redio ya mawasiliano, kama kila siku. Kambi ya Mto ni mwendo wa siku moja kwa gari. Binti yangu alihamia huko na mumewe kwa kukataa kijiti, na alikuwa na mtoto wa mwaka na miezi mitatu ambaye sijawahi kumshika. Walimpa jina langu, Minza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wajina wangu hajambo?"

Redio ikakoroma. "Hali chochote, mama. Ziwa limekauka, hii mimba ina miezi minane sasa. Nimempikia uji wa mtama na karanga, anautema. Nikimbeba nasikia mifupa tu."

"Mama mkwe wako je?"

"Mama, si nilikwambia tulimzika mwaka jana?"

Nilikuwa nimesahau. Niliona aibu, na nikaogopa, kwa sababu niliujua ule unyonge wa mtoto kuanzia mwanzo wake hadi mwisho. Niliwahi kuuona kwa watoto kumi na tisa.

"Nakuja," nikasema. "Nafika kabla ya upepo."

Sikupaswa kuahidi. Upande wa pili wa kioo, kwenye chumba cha mitambo, Holo fundi sauti alikuwa amevaa visikizi vyake na taa nyekundu inawaka. Simu zote zilinaswa, na nakala ikapelekwa kwa Daktari.

* * *

Siku ya tano Holo alikuja chumbani kwangu kubadilisha kile kinasa sauti cha ukosini. Alikuwa na miaka hamsini na moja na mimba ya tisa, ya miezi mitano. Alizaliwa mle mle Kituoni, akalelewa na mashine. Alikuwa mtu wa aibu sana, asiyependa hata kukohoa mbele za watu.

"Holo," nikamwambia, "hebu niwekee kidogo hayo mnayoyachukua. Nataka kusikia Bibi Pili anafundishwa nini."

Akasita, kisha akabonyeza. Nikajisikia nikisema: "Haya. Sayi. Njoo. Kula. Ngwashi, njoo. Vizuri." Katikati ya maneno kulikuwa na kimya kimya, matundu kama nguo iliyoliwa na panya.

"Mengine yako wapi?"

"Nimeyasafisha."

"Umesafisha nini?"

Uso ukamwiva. "Matusi, Mama Kabula."

"Matusi gani?"

"Unayajua mwenyewe," akasema akiangalia sakafu. "Kumwita mtoto mumeo. Kumwita panzi. Juzi ulimwambia Limbu ana kichwa cha kibuyu na hakuna wa kumposa. Yamefika elfu kumi na moja na mia nne, fomu inataka idadi. Nilikusitiri, mama. Ukiwa na watoto nazima na spika. Nilijua wakubwa wakisikia mtu mzima anasema hivyo na vitoto watakuondoa, na wewe ukiondolewa watoto wanakufa. Sijamwambia mtu yeyote."

Nilicheka mpaka moyo ukaniuma, nikashika ukuta. Halafu kicheko kikanikauka.

Waanzilishi wenyewe walikwisha kufa, na kati ya waliozaliwa Kituoni hapakuwa na mtu aliyewahi kuwa na bibi, ndiyo maana hawakujua. Kwetu mama hamtanii mwanawe. Mama anamwonya, anamnyoosha. Wa kutaniana na mtoto ni bibi na babu. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi, wa kike ni mke mwenzake, na wanagombana mchana kutwa kuhusu nani mbaya kuliko mwenzake. Mtoto aliyeachishwa amenyang'anywa ziwa, mama kapewa mwingine, ana hasira na dunia nzima. Ukimbembeleza anazidi kukaza. Ukimwita panzi anapata wa kushindana naye, tena mtu ambaye hana haja ya kumwogopa, na anakula ili akushinde. Bibi Pili walimpa mikono yangu na harufu yangu, lakini mdomo walimpa wa mgeni.

"Holo," nikasema taratibu, "rudisha hayo matusi yote, na ile mashine italisha watoto kesho asubuhi."

Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Alikaa kitandani kwangu bila kuombwa, akaweka mkono tumboni.

"Basi utatoka," akasema.

"Nitatoka. Mjukuu wangu ataishi."

"Ni haki yako." Machozi yalikuwa yanamtiririka na wala hakuyafuta. "Mwambie Daktari leo leo, siku zisije zikaisha."

"Na wewe unalia nini?"

Ilibidi nimuulize mara tatu. Walikuwa wanawake kumi na wawili, wote wamepita hamsini, walioandika barua kwa Baraza wakiomba watolewe vijiti. Mtoto wa saba wa Holo alizaliwa amekufa. Wa nane alimtoa damu siku mbili, wakamshona, na baada ya mwaka kijiti kikamtia mimba tena. Baraza liliwajibu wasubiri matokeo ya Bibi Pili. Akishindwa, watakubaliwa wakome, wawe bibi wa watoto. Akifaulu, kila kitanda kitakuwa na mashine yake na hakuna sababu ya mwanamke yeyote kukoma.

"Nina miaka kumi na tisa mbele," Holo akasema. "Sidhani nitaimaliza."

Hakuniomba nikae kimya. Angeniomba ningekasirika, na ningeenda moja kwa moja kwa Daktari na roho yangu nyeupe. Alijipangusa, akanishonea ukosi, akaniaga kwa adabu zake zilezile.

* * *

Siku ya sita sikusema. Siku ya saba nilifika mpaka kwenye mlango wa ofisi, mlinzi akaniuliza shida yangu, nikamwambia naomba sabuni. Kila saa kumi Kabula aliniambia mtoto ameonja vijiko viwili, kijiko kimoja. Kila nilipomwona Holo kwenye kioo niliona lile tumbo kwanza. Nilikuwa nimefungwa na wengine muda mrefu, nikazoea. Sasa nilikuwa nimejifunga mwenyewe, na ufunguo nilikuwa nao kinywani.

Asubuhi ya siku ya nane walijaribu kwa mara ya mwisho. Hata siku tatu hazikuwepo tena, lakini Daktari alikubali kwamba wakila leo tu atanipeleka. Gari lilikuwa limewashwa uani, nililisikia likinguruma. Bibi Pili akasema, "Wajukuu wangu wapendwa," na wajukuu wakalala kifudifudi.

Daktari Nkingwa akavuta kiti akakaa mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, kuna kitu kinakosekana. Nimepima kila kitu. Wewe unakijua?"

Nikanyoosha gauni langu magotini.

"Nakuuliza kama mwanao. Una tundu kwenye moyo. Ukianguka kesho, hawa thelathini na wanne nitawapa nani?"

Lile liliniingia. Halikuwa swali la hila, na alikuwa na haki ya kuuliza. Nikamtazama Sayi kupitia kioo, kalalia shavu, anasubiri nije nimwite panzi. Nikaona Holo kwenye mitambo yake, haniangalii kabisa, anasubiri hukumu.

"Sijui, Daktari," nikasema. "Labda wanajua tu kwamba si mtu. Wape bibi wenye damu. Si wako kumi na wawili wanaoomba? Waanze sasa, kabla huu moyo haujasimama."

Akainuka akatoka. Baada ya muda mfupi ngurumo ya gari ikazimika. Mchana upepo ulianza, siku moja kabla ya siku iliyotarajiwa, na nikasikia lango kuu likishuka, chuma juu ya chuma, polepole, mpaka likagusa chini. Nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

* * *

Saa kumi Kabula aliita mwenyewe.

"Mama, upepo umeanza huku. Mmefika wapi?"

"Sipo njiani, mwanangu."

"Unasemaje?"

"Lango limefungwa. Niko ndani."

Hakunilaumu. Nilisikia pumzi zake tu, nzito za mwenye mimba, na nyuma yake kilio chembamba kisicho na nguvu hata ya kupanda. Nilikijua kilio kile. Kikifika hapo kinabaki siku tatu, nne.

"Hajala tangu juzi," akasema. "Ulisema unakuja, mama."

Niliinua macho. Taa nyekundu inawaka, Holo na visikizi vyake. Nkingwa hakuwa mjinga. Angesikia mtoto aliye mbali, asiyeshikwa na mtu, akila kwa ajili ya sauti iliyotoka kwenye kisanduku, na angeelewa yote kabla nakala haijaisha. Kesho yake Bibi Pili angepewa mdomo wangu. Wanawake kumi na wawili wangerudishiwa barua zao. Na lango lingebaki limefungwa vilevile, nisingepata hata faida ya kuwasaliti.

Mtoto akalia tena, mara moja, akanyamaza.

Nilishindwa. Niseme ukweli, nilishindwa, na ingekuwa leo ningeshindwa tena.

"Kabula, weka redio karibu na sikio lake. Shika bakuli mkononi, usiseme kitu."

"Haya."

"We Minza!" nikapaza sauti. "Mwizi wa majina! Nani alikupa jina langu? Lirudishe leo leo, unanichafulia! Nasikia umekuwa kama kamba ya kufungia mbuzi. Ndiye wa kuniibia Jidayi wangu huyo? Jidayi hakupenda kamba, alipenda mapaja! Mke mwenza gani wewe, mashavu huna, meno manne tu mdomoni kama kaburi lililofukuliwa!"

Kabula alitoa sauti, kicheko na kilio pamoja. "Ameiangalia redio."

"Usiongee! Minza, nasikia kuna uji hapo. Usiuguse, ni wangu. Nimeuona, wa mtama na karanga, naunywa wote mimi." Nikafyonza hewa kwa kelele, nikapiga midomo. "Mmh! Mtamu! Wewe kanyonye jiwe, kibogoyo!"

Kitu kikagonga redio. Kikagonga tena.

"Anaipiga," Kabula akanong'ona.

"Nipige! Huna nguvu, mikono ya panzi! Mwenye uji ndiye mwenye nguvu, na mwenye uji ni mimi. Mpe kijiko, Kabula, taratibu. Ah! Ananiibia! Jamani, mwizi!"

Nilishika meza kwa mikono miwili.

"Amefungua mdomo," Kabula akasema. "Mama, amefungua mdomo. Amemeza. Anataka tena."

Nilimtukana yule mtoto mpaka bakuli likafika nusu na sauti yangu ikakauka. Nikamtukana mpaka usingizi ukamchukua. Redio ilipozimwa nililala juu ya meza nikalia kwa sauti kubwa, sikujali nani ananiona. Nilipoinua uso, Holo alikuwa bado amekaa kwenye kioo, kidole kiko juu ya kitufe, ananitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile chumbani.

* * *

Siku mbili nilingoja kuitwa. Siku ya tatu Daktari Nkingwa alikuja mwenyewe mpaka mlangoni pa chumba cha watoto, kavaa barakoa, faili mkononi.

"Nimesikiliza simu zako na binti yako," akasema. "Zote tatu."

Nikaliweka bakuli la uji mkekani.

"Ni kimya na kulia tu. Mama, pole sana. Sina neno la kukwambia." Akatazama faili ili asinitazame mimi. "Baraza limekaa. Bibi Pili anarudishwa stoo. Wale kumi na wawili watatolewa vijiti, na fundi wetu huyu atatolewa chake akishajifungua. Lakini kazi anaanza kujifunza kwako leo."

Akasogea pembeni, na Holo akaingia akiwa amekumbatia daftari lake la kumbukumbu. Aliponipa nilishike ili aweze kukaa mkekani, niliona ukurasa wa saa kumi, siku tatu mfululizo, mwandiko wake ule wa kinidhamu: *Matusi. Yamefutwa.*

Tukasubiri Daktari aondoke.

"Leo utampigia tena?" akaniuliza.

"Leo na kesho. Miezi saba."

"Basi nitakuwa na kazi kubwa ya kusafisha. Mama Kabula, una mdomo mchafu."

Ulikuwa utani wake wa kwanza maishani, na uliniuma na kunifurahisha kwa pamoja, kwa sababu mjukuu wangu ningemlea kama Bibi Pili, sauti kwenye kisanduku, na mikono yangu ingebaki humu ndani na watoto wa watu.

Nikamkabidhi bakuli. Holo akamsogelea Sayi, ambaye alikuwa amemgeuzia kisogo tayari. Akafungua mdomo, akaufunga. Akaangalia spika ya kwenye kioo, akahakikisha imezimwa. Uso mzima ulikuwa umemwiva kwa aibu.

"Wewe," akasema kwa sauti ndogo. "Wewe mume... una masikio makubwa."

Sayi akageuka. Akamtazama Holo kuanzia juu mpaka chini, lile tumbo lote, akifikiri.

"Wewe una tumbo la kiboko," akasema, na akafungua mdomo apewe uji.

Mlango ukajifunga wenyewe nyuma yetu. Holo aligeuka kuutafuta kitasa kwa macho, nami nikamwacha autafute mpaka achoke.